Waumini Mia na Ishirini wa Mchungaji Titus

Kenton, London
14 Januari 2024

Dada Nyevu,

Mimi huku sijambo, kama kuganda miguu hakuhesabiwi kuwa ugonjwa. Natumai nawe hujambo, shemeji hajambo, na Baba anaendelea vizuri na kile kifua chake. Barua yako ya Desemba imefika. Umesema hutashika simu tena maisha yako yote, ila sababu hukuitaja, umeandika tu "mambo ya kundi la kanisa" ukapiga mistari miwili chini yake. Haya, tutaandikiana kama mitume. Lakini sababu naitaka.

Uliuliza kama nimepata mchumba. Sijapata. Uliuliza kama nakula. Nakula.

Sasa kazi. Mwambie Baba kwamba nimepewa cheo kinachoitwa mchungaji mwanzilishi. Sakiti yetu ya Kimethodisti huku ina makanisa matatu, nami natakiwa kuyazungukia kuhubiri, halafu nianzishe ushirika mpya mahali ambapo haupo. Ni kazi ileile aliyoifanya yeye kutoka Mazeras hadi kule juu kwenye reli, makanisa kumi na moja, kwa miguu. Tofauti ni kwamba mimi nina baiskeli, na simba wa huku ni madereva wa mabasi.

Jumapili iliyopita nilihubiri katika kanisa la Barabara ya Alderley. Waumini mia na ishirini! Msomee Baba hapo taratibu. Mia na ishirini, na mahubiri yalikwenda vizuri sana, mpaka mwisho hakuna aliyetoka.

Baridi imezidi, vidole vimekataa kushika kalamu. Wasalimie wote.

Mdogo wako,
Titus

*

Mazeras
2 Machi 2024

Titus mdogo wangu,

Tuko wazima. Shemeji yako ana jino linalomsumbua na amekataa kung'olewa, kwa hiyo linatusumbua nyumba nzima. Mbuzi mweupe kazaa pacha. Mvua bado.

Sababu unaitaka, chukua. Nilikuwa namtumia rafiki yangu Kache sauti kwenye simu, nikimweleza kwamba kofia aliyovaa mke wa askofu siku ya Krismasi inafanana na sufuria iliyokanyagwa na lori. Nikabonyeza mahali pasipotakiwa. Ikaenda kwenye kundi la kanisa. Watu mia tatu na kumi na wawili wameisikiliza, Titus, wengine mara mbili. Mke wa askofu alinijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba tu! Angenitukana ningepumzika. Simu nimeitia kwenye pipa la mahindi na huko itakaa.

Barua yako nilimsomea Baba barazani, maana macho yake siku hizi hata Biblia anaisoma kwa kukumbuka. Nilipofika kwenye mia na ishirini akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Amekaa huko muda gani?"

"Miezi minne, Baba."

"Miezi minne," akasema. Kisha akainuka akaenda kutazama wale mbuzi pacha, na chai yake ikapoa mezani. Nadhani alifurahi. Unamjua Baba, furaha yake na hasira yake zina sura moja.

Na wewe, mtu wa miaka thelathini na tisa na hao waumini mia na ishirini, hakuna hata mmoja mwanamke asiye na mume?

Dada yako,
Nyevu

*

Kenton
7 Aprili 2024

Dada Nyevu,

Salamu za Pasaka. Nilicheka habari ya kofia mpaka jirani akagonga ukuta. Mpe shemeji pole ya jino. Mwambie kama anaogopa kung'olewa aje huku, foleni ya daktari wa meno ni ndefu, jino litadondoka lenyewe akiwa anasubiri.

Pasaka ilikuwa kubwa. Waumini mia mbili, Dada. Nafasi ya kueleza zaidi sina, ila mwambie Baba, mia mbili.

Nimepata rafiki. Nilikuwa Kingsbury, nimesimama nje ya duka natazama mihogo, najisemea, "Huu muhogo umechoka kuliko mimi." Nyuma yangu sauti ikasema, "Wewe ndiye umechoka, muhogo umefika jana." Mzee wa Kihindi, Mansukh, mwenye duka. Kazaliwa Mombasa, Makadara, akaondoka kijana wa miaka kumi na tisa, na Kiswahili chake ni cha enzi zile kabisa. Alinitengea kiti, mkewe Hansa akaniletea muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Nimekuwa nikipita pale. Siku nyingine napita mara mbili.

Mbona Baba hanitumii hata neno moja? Zamani alikuwa akichomeka mstari wake chini ya barua zako.

Titus

*

Mazeras
26 Mei 2024

Titus,

Hatujambo. Mvua imekuja yote kwa siku moja ikachukua choo cha Mama Chizi. Jino la shemeji yako limeng'oka lenyewe akila mahindi, sasa anajiita daktari. Mchungaji wetu mpya anahubiri kwa miwani ya jua, ndani ya kanisa, na akina mama wa umoja wa kanisa wamegawanyika kati ya wanaosema macho yanamwuma na wanaosema amelala.

Baba yuko salama. Hakuandika kwa sababu kalamu iliisha wino.

Mbuzi pacha wamekua.

Nyevu

*

Kenton
30 Juni 2024

Dada Nyevu,

Safari hii salamu ni fupi, maana nina hasira.

Hapa kuna mama anaitwa Jennifer, mtu wa Mariakani, kazi yake kuwahudumia wazee majumbani. Tunakutana pale kwa Mansukh. Mama yake mzazi yuko kwenye sakiti ya nyumbani na wanaongea kila wiki. Jumanne alinishika mkono akaniambia, "Mchungaji, pole kwa ya baba yako." Nikadhani amekufa, Dada. Nilishika rafu ya biskuti, zikamwagika zote.

Kumbe yuko hai. Kumbe ni kwamba Baba ameacha kuhubiri, ameacha kwenda kanisani kabisa, tangu Jumapili ya Mitende. Jumapili asubuhi anashinda akicheza drafti na mwadhini wa msikiti. Mariakani wanajua. Samburu wanajua. Mimi mwanawe napata habari kwenye duka la Mhindi, nimepiga magoti nikiokota biskuti.

Wewe umeniandikia kwamba kalamu imeisha wino.

Kwa nini?

Titus

*

Mazeras
4 Agosti 2024

Titus mdogo wangu,

Umekasirika na una haki, lakini kaa kwanza, maana mimi pia nina yangu.

Siku ya Mitende zamu ya kuhubiri ilikuwa ya Baba. Kanisa limejaa, watoto wana matawi, wanachomana macho. Akasoma somo vizuri, kisha akafunga Biblia akavua miwani.

"Ndugu zangu," akasema, "nimehubiri miaka hamsini na minane. Nimefungua makanisa kumi na moja. Manne sasa ni mazizi, na moja ni kinyozi. Mwanangu Titus amekaa Uingereza miezi michache, na Jumapili moja tu ana watu mia na ishirini, tena Wazungu, watu ambao hata kanisani hawaendi. Basi kumbe kosa halikuwa la ukame, wala la Shetani, wala lenu. Lilikuwa langu. Kipawa sikuwa nacho, na ninyi mliona haya kuniambia. Asanteni kwa uvumilivu. Kwaherini."

Akashuka akatoka kwa mlango wa kati. Kwaya wakadhani mahubiri yameisha, wakaanza kuimba.

Nilimfuata mpaka nyumbani.  Barua yako ya Pasaka niliificha chini ya godoro nisimsomee, akaipata, akampelekea mwadhini amsomee. Mwadhini aliposoma mia mbili akasema, "Mashallah, kijana ana baraka." Baba hakula siku mbili.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utapanda ndege. Na kwa sababu niliona aibu kukuambia kwamba baraka zako zimemvunja baba yako. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Lakini wiki hii nimekaa na barua zako zote mbele yangu, nimezisoma kwa utulivu, na nimeona kitu. Umeniandikia habari za Mansukh, za mkewe, za muhogo, mpaka ndimu umeitaja. Kuhusu waumini mia mbili hukunipa hata jina moja.

Nimekulea, Titus. Nakumbuka ulipokuwa darasa la tatu ukasema umekuwa wa pili, kumbe ni wa pili kwenye benchi lenu, nanyi mlikuwa wawili tu.

Ni wangapi?

Nyevu

*

Kenton
25 Agosti 2024

Dada yangu,

Saba.

Siku ile niliyoandika mia na ishirini, walikuwa saba, na mmoja wao alikuwa fundi aliyekuja kutazama hita. Mia na ishirini ni viti. Nilivihesabu wakati wa wimbo wa pili, maana macho yalikuwa hayana pengine pa kwenda. Na Pasaka nilijumlisha vile vilivyopangwa ghalani.

Niliposema hakuna aliyetoka, hilo lilikuwa kweli. Wawili walikuwa na viti vya magurudumu na mmoja alikuwa usingizini.

Hata siku moja sikukusudia kumwumiza Baba. Nilitaka kinyume chake. Nilifikiri mzee huyu ametembea maisha yake yote, miguu imemharibika, basi asikie kwamba kazi yake imevuka bahari ikazaa. Nikampa viti.

Sasa sikia yote. Mwezi wa Mei, siku ya Pentekoste, kanisa la Alderley lilifungwa. Tulikuwa watano. Tuliimba, nikazima taa, na Bi Winifred, bibi wa Kizungu wa miaka themanini na sita aliyeolewa mle ndani, akaing'oa saa ya ukutani akaitia kwenye mkoba wake wa magurudumu. Nikamwambia, "Bi Winifred, ile ni mali ya kanisa." Akaniambia, "Nishitaki." Nikambebea mkoba mpaka kituo cha basi.

Nikaambiwa, wewe ni mwanzilishi, nenda ukaanzishe. Nilizunguka na baiskeli Kenton, Kingsbury, mpaka Rayners Lane. Niligonga milango. Watu wa huku wana adabu sana, wanakufungia mlango huku wakikutakia siku njema. Mwisho wa kila siku najikuta kwa Mansukh. Siku moja akaniuliza, "Mchungaji, wewe kazi yako hasa nini? Kila saa uko kwangu." Nikamwambia ukweli, kwamba natafuta watu wa kukaa nao na kuongea habari za Mungu, na hakuna anayetaka. Akasema, "Mimi nataka. Nataka kukupinga." Akanifungulia stoo nyuma ya duka.

Basi tunakutana huko kila Jumanne saa tano asubuhi, katikati ya magunia ya mchele. Wako sita. Bi Winifred anakuja kwa mabasi mawili na haelewi neno la Kiswahili, ila anasema mahubiri yangu yamekuwa mazuri tangu aache kuyaelewa. Jennifer anakuja akitoka zamu, na binti yake Lorraine siku za likizo. Huyo amezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia chote na majibu yote anatoa kwa Kiingereza, hata sala. Yuko Séraphin, Mkongo, mpiga gitaa, Mkatoliki, anasema Jumanne Papa haangalii. Yuko Mansukh, ambaye ni Mhindu na hana mpango wa kubadilika. Juzi nilisoma habari ya uumbaji akanikatiza, "Siku sita? Mimi stoo hii tu kuipanga ilinichukua miaka miwili." Na Hansa, mkewe, anakaa kwenye kizingiti, mguu mmoja dukani mmoja stoo, ili asihesabiwe. Nimemhesabu.

Mwezi uliopita mama yake Jennifer alifariki kule Mariakani. Jennifer hakuweza kwenda kuzika, karatasi zake bado zinaamuliwa, akitoka hataruhusiwa kurudi. Alikuja Jumanne ile na sare yake ya kazi, akakaa juu ya gunia. Mansukh alisimama akaenda kufunga duka. Saa tano mchana, Dada, siku ya kazi. Hansa aliniambia hajawahi kufunga duka mchana tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe. Séraphin akapiga gitaa polepole. Sikuwa na mahubiri, nikamwomba Jennifer atuambie habari za mama yake.

Akasema mama yake alikuwa mtoto wakati mhubiri mmoja alipokuwa akija kwao kwa miguu, nyumba yenye watu wanne, na kwamba siku moja ya mvua alifika ametota mpaka mifupa, akahubiri saa nzima maji yakimtiririka, kana kwamba wako elfu. Bibi yake alimpa shuka ajifunike. Mama yake hakuwahi kuacha kanisa baada ya hapo. Nikamwuliza jina la mhubiri. Akanitazama kama mjinga. Akasema, "Mwalimu Ezekia. Si ndiye baba yako?"

Msomee Baba barua hii. Yote, pamoja na viti. Mwezi ujao natakiwa kutoa ripoti kwa msimamizi wa sakiti, na nitaandika sita. Wakinirudisha nyumbani, mnitafutie kazi.

Titus

*

Mazeras
29 Septemba 2024

Titus,

Mbuzi, mvua na shemeji yako wote hawajambo. Twende kwa Baba.

Nilimsomea barazani, na mwadhini alikuwepo na drafti yake. Nilipofika kwenye "saba", Baba akasema, "Rudia," kama siku ile. Nilipofika kwenye viti akaanza kutikisika. Nikadhani ni kifua. Alikuwa anacheka, Titus! Alicheka mpaka kete zikaanguka, mwadhini akasema hiyo ni hila kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa anashindwa. "Amehesabu viti!" anasema, anafuta machozi, "amehesabu viti, mtoto mpumbavu!" Sijamwona hivyo tangu Mama, Mungu amrehemu, alipomfungia mchungaji mzima chooni.

Nikaendelea. Kwa Jennifer na mama yake aliacha kucheka. Aliomba nirudie pale pa shuka. Akasema ilikuwa ya buluu.

Kisha akamwangalia mwadhini, akaniangalia mimi, akasema, "Na mimi nina yangu."

Unalikumbuka kanisa la Mwachoni, lile lenye jiwe ukutani, "Mwalimu Ezekia alianza hapa na waumini arobaini, 1968". Jiwe ambalo hata askofu hupiga picha nalo.

"Hao arobaini walikuwa nani, Baba?" nikamwuliza.

"Mbodze," akasema.

"Na nani?"

"Na mbuzi wake. Lakini mbuzi hakuwa anakaa mpaka baraka."

Miaka miwili, Titus! Alitembea mpaka Mwachoni kila Jumapili kwa miaka miwili, kwenye kibanda kilichoachwa na makuli wa reli, akimhubiria mama mmoja ambaye alikuwa kiziwi, hajawahi kuitikia hata amina. Na msimamizi Mzungu alipodai ripoti, Baba aliona haya, akaandika arobaini. Mwaka wa pili akaandika arobaini tena, kwa sababu waliopungua ingebidi aeleze wamekwenda wapi.

Mwadhini alicheka mpaka akachelewa adhuhuri.

Wa Mwachoni walimwalika kwenye sikukuu ya kanisa mwezi wa Novemba, akakataa. Leo asubuhi ameniuliza nani ana pikipiki.

Nyevu

*

Kenton
27 Oktoba 2024

Dada Nyevu,

Nimesoma barua yako mara tatu, mara moja kwa sauti, stoo. Lorraine alimtafsiria Bi Winifred, naye amesema anampenda Baba na yuko tayari kuolewa tena. Nakufikishia posa kama ilivyo.

Ripoti nimeitoa. Msimamizi wetu ni mwanamke, Mchungaji Reena, mtu asiyecheka ovyo. Aliisoma mbele yangu.

"Sita," akasema.

"Ndiyo."

"Kati yao Wamethodisti ni wangapi?"

Nikafikiri. "Wawili. Lorraine bado anatafakari."

"Na huyu aliyeandikwa hapa 'anakuja kunipinga'?"

"Huyo ndiye anayehudhuria kuliko wote."

Akaiweka karatasi chini. Akaniambia kwenye meza yake kuna ripoti tisa, na kwa hizo tisa London nzima ingekuwa imeokoka kufikia Krismasi. Akanipa mwaka mwingine. Kisha akauliza Jumanne ni saa ngapi, na kama muhogo huwa upo.

Mtunze Baba kwenye hiyo pikipiki. Na usiniambie tena kwamba yuko salama. Niambie alivyo.

Titus

*

Mazeras
1 Desemba 2024

Titus mdogo wangu,

Sisi wazima, na Baba amepokea posa. Amesema atafikiri.

Mwachoni tulikwenda tarehe kumi na saba. Baba mbele na dereva, mimi nyuma nimemshika kiuno kama mzigo wa kuni, suti yake ile ya kijivu imejaa vumbi jekundu. Kanisa lilikuwa limefurika, safari hii watu kweli, nilihesabu vichwa. Mchungaji wa miwani ya jua alikuwepo. Mke wa askofu alikuwepo pia, na kofia. Akanisalimia kwa kidole gumba. Nikatamani ardhi inimeze.

Baba alisimama pale karibu na jiwe lake. Hakufungua Biblia. Akawaambia kama alivyotuambia barazani. Akagonga lile jiwe kwa fimbo, akasema, "Hapa pameandikwa arobaini. Ni uongo, na mwenye uongo ni mimi. Alikuwa mtu mmoja, naye hakunisikia, maana masikio Mungu hakumpa. Mimi ndiye niliyeanzisha kanisa hili kwa kumhubiria kiziwi. Kama mnataka kuling'oa jiwe, nimekuja na nyundo." Na kweli alikuwa nayo, kwenye mfuko wa koti! Nilishangaa njia nzima ni kitu gani kinanichoma.

  Mzee wa kanisa anamtazama mchungaji, mchungaji haonekani anatazama wapi.

Ndipo nyuma kule, kwenye benchi la wazee, bibi mmoja akaanza kuinuka. Alichukua muda, wajukuu wawili wanamshika huku na huku. Mwembamba, ana leso mpya ya sikukuu. Alipokuwa amesimama vizuri akasema, "Mwalimu, nani amekuambia mimi ni kiziwi?"

Baba akageuka.

"Mbodze?"

"Nasikia. Nilisikia tangu siku ya kwanza. Nikusomee ile ya mwana mpotevu ulivyoihubiri? Uliikosea pale pa nguruwe."

Watu wakaanza kunong'ona. Baba amefungua mdomo, haufungiki.

"Miaka miwili!" akasema. "Miaka miwili, Mbodze, hukuniitikia hata amina!"

"Nilikuwa sikuja kusikiliza," yule bibi akasema. "Mume wangu alisema narudi, hakurudi. Watu wa reli walisema tutarudi, hawakurudi. Nikakuona na wewe, kila Jumapili unasema wiki ijayo. Nikaja kuona kama utarudi. Yule mbuzi nilikuwa nakuletea wewe. Nikasema akirudi wiki ijayo nampa. Wiki ilipofika nikasema, ngoja, huenda sasa ndiyo akaacha. Mwisho mbuzi akazeeka tukamla."

Titus, kanisa lilipasuka. Watu wanacheka, watu wanalia, mke wa askofu kofia imemwendea upande. Mimi nilikuwa nalia kama mtoto na sikujali nani ananiona. Baba alishuka pale mbele, akaenda mpaka benchi la nyuma, polepole na lile goti lake, akampa mkono.  Walishikana tu mikono, vizee viwili. Jiwe halikung'olewa. Wameamua fundi achonge chini yake jina la Mbodze.

 Nyumbani Baba alikula sahani mbili. Sasa umesema nikuambie alivyo. Goti linamwuma, kifua kinakohoa, anamfunga mwadhini drafti siku za kazi tu kwa sababu Jumapili hana nafasi. Jana nimemkuta barazani anapiga viatu rangi, leo anakwenda tena Mwachoni kuhubiri. Nikamwuliza somo ni lipi. Akasema bado hajajua, ila yatakuwa mahubiri mafupi, maana sasa ameshajua kwamba yule mama anasikia.

Dada yako,
Nyevu